Nani Apewe Kobe la Mzee Shemweta?

Nitawapa hadithi, nanyi mtanipa hukumu. Mnakubali? Basi sogeeni. Anayetaka kucheka acheke mapema, maana huko mbele sijui kama atapata nafasi.

Majina ya watu nimeyabadilisha. Mlima sikuubadilisha, kwa sababu Usambara ni Usambara, na hata ningeupa jina jingine mngeujua kwa kona zake. Mimi nami sikujificha. Humu ndani yumo mtu anaitwa mjomba, na mjomba huyo ndiye huyu anayesema nanyi.

Shemeji yangu, Mzee Shemweta, aliyemwoa dada yangu, alikuwa na watoto watatu. Kila mmoja alijaliwa kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho.

Hiza, wa kwanza, alijaliwa sikio. Yeye ni fundi wa magari pale njiapanda, katikati ya mlima. Gari likipita barabarani naye yuko chini ya gari jingine, utamsikia akisema, "Hilo plagi moja imekufa," na hajalitazama wala halijasimama. Mke wake hulalamika kwamba hawezi hata kufungua kopo la sukari bila Hiza kuuliza kutoka uani unafungua nini.

Damari, wa pili, alijaliwa mikono. Anaendesha lori la mboga la ushirika, kabichi na karoti, kutoka juu kwetu hadi bondeni. Wenye mayai ya kupeleka mnadani huwa wanakataa magari mengine wanamngoja yeye. Nilimuuliza siku moja anawezaje kuzipita kona zile na mzigo ule. Akaniambia, "Mjomba, gari linaniambia kwenye viganja. Likitaka kuteleza, viganja vinajua kwanza."

Kupaza, kitinda mimba, alijaliwa macho ya kusoma. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Anasoma kila kilichoandikwa, hata karatasi iliyofungiwa maandazi, tena anairudia. Kijerumani alijifunza peke yake kwa kamusi kuukuu ya misheni, na sababu ilikuwa gari la baba yake.

Sasa niwaeleze hilo gari, kwa sababu bila hilo hakuna kesi.

Lilikuwa Volkswagen ya mwaka sitini na saba, rangi ya maziwa yaliyoingia chai kidogo, mgongo wa duara. Kwetu liliitwa Kobe. Lilikuja na Sista Hedwiga, mkunga wa misheni, na Shemweta alikuwa mganga msaidizi wake, mbeba mkoba. Miaka kumi na minne walipanda na kushuka nalo wakienda kuzalisha. Siku za matope makubwa, magari yenye majina mazito yalikwama chini ya kilima, Kobe likapita pembeni likinguruma kama cherehani. Wanawake wanne walijifungulia kiti cha nyuma, na wa tatu kati yao alikuwa dada yangu, na mtoto alikuwa Damari. Sista alipozeeka akarudi kwao, akamwachia Shemweta ufunguo na kitabu cha gari. Kitabu kilikuwa cha Kijerumani kitupu.

Shemweta alilipenda gari lile mpaka watu wakamtania kwamba ana wake wawili. Kila Jumapili baada ya ibada alimketisha Kupaza barazani amsomee ukurasa mmoja wa kitabu na kuufasiri. Hiza na Damari walikimbia shughuli hiyo tangu wadogo. Mzee mwenyewe alikuwa akisinzia kabla ukurasa haujaisha, lakini ole wako uruke mstari.

Na alipenda kusimulia gari lilikotoka. Alikuwa akisema, "Msilione hivi. Gari hili limezaliwa vibaya." Anaeleza kwamba Wajerumani, kabla ya vita kubwa ya pili, waliambiwa wanunue stempu kila wiki, kadi ikijaa wapewe gari la wananchi, maana Volkswagen ni hilo tu, gari la wananchi. Watu wakanunua stempu, vita ikaja, kiwanda kikatengeneza vitu vya vita, na wengi waliofanya kazi humo walikuwa wameletwa kwa nguvu kutoka nchi za wengine. Gari la stempu hawakulipata. Vita ilipokwisha kiwanda kilikuwa magofu, na aliyekisimamisha tena alikuwa ofisa wa Kiingereza, adui yao wa jana. Kutoka hapo likaenea dunia nzima, likafika Afrika Mashariki, likashinda mashindano ya Safari kwenye matope yetu. Kwa nini? Hapo mzee hupiga boneti kofi. Mbele hakuna injini, injini iko nyuma, inakandamiza magurudumu yanayosukuma. Na halina maji ya kuchemka, linapozwa na upepo wa feni yake lenyewe.

Kisha humalizia hivi: "Wenye aibu yake walikuwa wengi, na hakuna aliyesema ni mimi. Kila mtu alikuwa amekaza skrubu moja tu."

Tulikuwa tunacheka. Tulidhani ni maneno ya mzee anayependa kusikilizwa.

Haya. Shikeni jambo moja kuhusu feni hiyo, ni rahisi. Inazungushwa na mkanda wa mpira, na mkanda huohuo unazungusha dainamo inayochaji betri. Mkanda ukikatika, taa nyekundu inawaka kwa dereva. Katika magari mengine taa ile inakwambia betri haichajiwi tu, nawe unaweza kwenda nayo mpaka nyumbani ukale, ukalale, ukalitengeneze kesho. Katika Kobe, taa ile inakwambia feni imekufa na injini inaungua. Unatakiwa usimame hapohapo. Ukiendelea dakika chache kwenye mlima, umeiua.

Wiki moja kabla ya msiba, mkanda wa Kobe ulionyesha nyufa. Mkanda wake halisi ulikuwa wa kuagizwa Tanga mjini, siku nne au tano, na mzee alitaka gari Jumapili kwa sikukuu ya mavuno, apeleke ndizi zake kanisani kwa heshima. Akamsumbua Hiza, na Hiza akaja kwangu. Mimi nina mashine ya kusaga mahindi, na nilikuwa na mkanda wa akiba ukutani.

Nilimwambia, "Chukua, mkanda ni mkanda."

Hayo maneno niliyatamka mimi, kwa mdomo huu. Yawekeni pembeni kwanza.

Sikukuu ikapita vizuri. Jumanne asubuhi, Mzee Shemweta alikuwa anafunga kamba za viatu akashika kifua. Jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukawa mzito. Mganga wa zahanati yetu akaja mbio, akampima, akamwambia dada yangu bila kuzunguka, "Mama, huu ni moyo. Huku sina dawa yake wala mashine. Ashushwe bondeni hospitali, sasa hivi."

Basi letu ni moja tu, hushuka alfajiri na kupanda jioni. Lori la ushirika lilikuwa Tanga na dereva mwingine, Damari akiwa mapumzikoni. Likabaki Kobe. Saa mbili asubuhi wakamlaza mzee kiti cha nyuma, Kupaza akakaa mbele, Damari akashika usukani. Hiza alikuwa kwenye gereji yake kule chini. Dada yangu akasema atafuata na nguo na uji.

Kabla barabara yetu haijaanza kuteremka, kuna kilima kirefu cha kupanda, kona kumi na moja. Katika kona ya nne taa nyekundu ikawaka. Kona ya kumi na moja, pale juu kabisa, injini ikapiga kelele moja ya chuma, ikajamu. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini.

Mtandao wa simu haukamati pale. Kupaza akavua viatu vya kazi akakimbia kilomita saba mpaka njiapanda kumwita kaka yake. Gereji siku hiyo haikuwa na gari linalotembea, wakarudi na bodaboda saa nne. Waliwaza kumpakia mzee kwenye bodaboda, lakini hata kukaa wima hakuweza. Hiza akafungua nyuma, akatazama. Mkanda haukuwepo. Akahangaika na injini ile mpaka saa tano, mikono ikachubuka, haikuzunguka hata unywele mmoja. Hakuna gari lililopita kupanda wala kushuka.

Hapo ndipo vipaji vya wale watatu vikafanya kazi, na nataka msikilize vizuri, kwa sababu hukumu iko hapa.

Kupaza ndiye aliyefungua njia. Kutoka pale juu hadi bondeni ni mteremko mtupu, kilomita kumi na nane, lakini kila dereva anajua kwamba gari likizimwa injini, breki zinakuwa ngumu kama jiwe. Hakuna aliyethubutu hata kulitaja. Kupaza akasema, "Breki za gari hili haziombi msaada wa injini. Ni mguu na mafuta tu. Usukani nao hivyohivyo. Nimesoma kitabuni, nina hakika." Hiza akafikiri, akakubali. Bila macho ya Kupaza wangekaa pale mpaka basi la jioni.

Damari ndiye aliyeshusha. Akaweka nyutro, wakalisukuma, likaanza kuondoka lenyewe. Fikirini barabara ya vumbi, ukuta wa mlima kushoto, korongo kulia, gari lisilo na injini ya kulizuia. Alikuwa akilipeleka upande wa ukuta linapotaka kasi, akitumia changarawe na majani ya pembeni kulipunguza, akikanyaga breki kidogo na kuachia, kidogo na kuachia. Mzee nyuma hakurushwa hata mara moja. Bila mikono ya Damari wangeishia korongoni wote wanne.

Hiza ndiye aliyelinda breki. Alikaa kando ya dada yake, kichwa nje ya dirisha, macho yamefumbwa. Breki zikishika moto sana zinaacha kushika, na kabla hazijaacha zinabadilisha sauti, sauti ambayo mimi na wewe hatuisikii. Kila iliposikika alisema, "Dada, simama hapa, zipoe." Wakasimama mara sita, wakiegemeza magurudumu kwenye mawe. Bila sikio la Hiza, mikono ya Damari isingekuwa na kitu cha kukanyaga.

Wakafika bondeni saa saba kasoro robo. Hospitali iko pale mlima unapoishia. Mita mia tatu za mwisho ni tambarare, wakasukuma.

Mimi na dada yangu tulifika baadaye kwa bodaboda mbili. Tukamkuta mzee kitandani, ana mpira wa hewa puani, na amechangamka kidogo. Alikuwa anatabasamu. Akanishika mkono.

"Shemeji, umesikia? Kobe limenishusha mlima mzima bila kuguna. Sijawahi kupanda gari tulivu namna ile."

"Pumzika, shemeji," nikamwambia.

"Nitapumzika. Kwanza sikia, wewe ndiye mjomba wao. Aliyenileta hapa, Kobe ni lake. Usiliuze, usiligawe. Mpe aliyenileta."

"Yupi kati yao?"

Akafumba macho, akacheka polepole. "Wewe utajua."

Kesho yake saa nne asubuhi akafariki.

Daktari alituita kando, mimi na wale watatu. Alikuwa kijana mpole, hakulaumu mtu. Alisema, "Tulijitahidi. Ila kwa ugonjwa huu, saa za mwanzo ndizo zenyewe. Mngefika mapema kwa saa mbili au tatu hivi, dawa ingekuwa na nafasi kubwa zaidi." Niliwatazama wale watoto. Kila mmoja alikuwa anaangalia sakafu, na hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Tukazika. Kwetu, siku ya kuanua matanga, mjomba ndiye anayetoa vitu vya marehemu mbele ya ukoo, kimoja kimoja, na kila kimoja anakitolea sababu. Koti la mzee apewe fulani, kwa kuwa alifanya hivi. Redio apewe fulani. Huwezi kumpa mtu kitu ukanyamaza, wazee watakurudisha nyuma uanze upya. Ndiyo maana kazi ile inaogopwa.

Katika zile siku za matanga, wale watoto walinijia. Walikuja kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja aliniapisha nisiseme.

Wa kwanza alikuwa Hiza. Alinikuta kwenye mashine yangu, akasubiri wateja waondoke.

"Mjomba, nimemuua Baba."

"Acha maneno hayo."

"Ule mkanda ulikuwa mrefu kwa unene wa kidole. Nilibana mpaka mwisho, ukabaki na ulegevu. Na nilisikia, Mjomba. Siku ya mavuno gari lilipopita mbele yangu, mkanda ulikuwa unapiga mluzi. Watu wote walisikia kwaya, mimi nilisikia mluzi. Nikajiambia, wiki ijayo nitauagiza wa kwake. Nilichoka tu. Nilitaka Jumapili yangu."

Nikamwambia, "Mkanda nilikupa mimi."

"Wewe ulinipa mkanda. Fundi ni mimi."

Nami nikanyamaza. Ilinifaa, nikaipokea. Nilimwacha aondoke na mzigo wote, wangu na wake, nikarudi kusaga mahindi ya watu.

Wa pili alikuwa Damari. Alikuja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda akakunja mikono ndani ya khanga kama mtu mwenye baridi.

"Mjomba, taa niliiona."

"Taa gani?"

"Ile nyekundu. Iliwaka kona ya nne. Kwenye lori langu taa hiyo imewaka mwaka mzima na kabichi zinafika. Nikasema ni betri. Lakini si hilo linaloniua. Kona ya saba gari lilianza kuwa zito mikononi. Linavuta vibaya, kanyagio linatetema. Viganja viliniambia, Mjomba. Viliniambia wazi. Nikakandamiza mafuta zaidi, kwa sababu nilikuwa naogopa Baba atafia njiani. Ningesimama pale kona ya saba, injini ingepoa, tungetafuta hata kamba ya kufungia. Niliua injini kwa mguu wangu."

Nikamwambia mtu yeyote angefanya hivyo. Akaniambia, "Mimi si mtu yeyote. Mimi ni dereva."

Wa tatu, Kupaza. Huyu hakuweza hata kukaa. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Ingia."

"Sitaingia. Mjomba, mimi nilijua maana ya taa ile. Ukurasa wa arobaini na moja. Nilimsomea Baba zamani, akasinzia kabla sijafika mstari huo, lakini mimi niliusoma mpaka mwisho. Iliwaka nikaiona kabla ya Dada. Nikafungua mdomo, nikaufunga."

"Kwa nini?"

Machozi yakamtoka. "Unakumbuka Krismasi, nilipopiga kelele tusimame kwa ajili ya harufu, ikawa ni harufu ya ng'ombe? Mpaka leo wananiita Bwana Kitabu. Nikaona aibu. Nikajiambia, Dada ndiye dereva, anajua. Nikahesabu kona. Nilisema ikifika ya sita nitasema. Ya sita ikapita. Ya nane nitasema. Nilihesabu kona saba, Mjomba, na baba yangu yuko nyuma yangu anapumua kwa shida. Niliogopa kuchekwa."

Basi mnaona. Kila mmoja anaamini ni yeye peke yake. Hiza hajui kwamba taa ilionekana. Damari hajui kwamba mdogo wake alijua maana yake. Kupaza hajui mkanda ulikuwa wa mashine. Wote watatu wako tumboni mwangu, na kila mmoja ameniapisha.

Siku ya kuanua matanga ikafika. Nikatoa koti. Nikatoa redio, fimbo, Biblia kubwa. Nikabaki na ufunguo mkononi. Nikasema mbele ya ukoo kauli ya marehemu: Kobe ni la aliyenileta. Nikauliza, "Ni nani aliyemleta?"

Hiza akasema, "Damari ndiye aliyeshika usukani."

Damari akasema, "Kupaza ndiye aliyesema inawezekana."

Kupaza akasema, "Bila Hiza breki zingekufa."

Wazee wakapiga makofi. Wakasema hawajaona watoto waliolelewa vizuri namna ile, wanaopeana heshima badala ya kugombania urithi. Bibi mmoja alilia kwa furaha. Dada yangu akasimama na sauti yake ya mjane, akasema, "Mungu alinipa watoto watatu, naye marehemu ameondoka akiwa amebebwa na wote." Nami niliyejua kila kitu nikaona haya. Nikaomba ukoo unipe muda, nikafunga kikao.

Huo ni mwezi wa saba sasa. Kobe liko uani, chini ya turubai. Hiza amefunga gereji, anasema masikio yanauma, ukimpelekea gari anakuelekeza kwa fundi mwingine. Damari amerudisha ufunguo wa lori kwa ushirika, anatembea kwa miguu hadi mnadani na kikapu kichwani. Kupaza aliniletea kile kitabu cha Kijerumani nikitunze, na watoto wa shule wanasema mwalimu siku hizi anawaambia wasome wenyewe. Watatu hawa hawakai meza moja. Mmoja akija kumsalimu mama yake, mwingine anaondoka kwa mlango wa nyuma.

Nimejaribu kuamua. Nikimpa Hiza, anaweza kuifufua injini ile na sikio lake likapona pamoja nayo. Au kila atakapoifungua nyuma ataona mahali palipokuwa na mkanda. Nikimpa Damari, huenda atarudi barabarani. Lakini atakaaje kwenye kiti kilekile, akitazama taa ileile? Nikimpa Kupaza, ambaye hata kuendesha hajui, wenzake watauliza sababu, naye ndiye asiyeweza kuulizwa. Na yeyote nitakayempa, lazima nisimame niseme mbele ya ukoo kwamba huyu ndiye aliyemleta baba yake hospitali. Wawili watakaobaki watasikia kwamba wao ndio waliomchelewesha.

Mtaniambia, mjomba, waite wote watatu uwaambie ukweli, kila mmoja ajue hakuwa peke yake. Nimefikiri hilo usiku na mchana. Lakini niliapa mara tatu. Na nikianza kufungua, lazima nianze na mkanda, na mkanda ni wangu. Hapo ndipo ulimi unapokwama, na msinifanye niseme ni kwa sababu ya kiapo tu.

Wiki iliyopita dada yangu aliniita. Nilimkuta anafuta vumbi kwenye kioo cha Kobe kwa kitambaa, anavyofanya kila Jumamosi. Akaniambia, "Kaka, nilisahau kukushukuru. Hiza aliwahi kuniambia mkanda ulitoka kwako. Usingeutoa, gari lingekuwa juu ya mawe siku ile, na mume wangu angekufa sakafuni kwangu. Nakuombea kila siku."

Nikashindwa kumwangalia. Akaendelea kufuta kioo.

"Sasa sikia," akasema. "Wanangu hawaongei. Nadhani kila mmoja anaona haya kupokea kabla ya mwenzake, wamelelewa hivyo. Mimi nimechoka kula peke yangu. Kabla mvua hazijaanza nataka ukoo ukae, na nataka jina moja. Wewe ndiye mjomba. Toa jina, watoto wangu warudi mezani."

Mvua zimebakiza siku tisa. Sitaki mnipe maneno ya kunifariji, nimeyasikia yote na mengine niliyasema mwenyewe kwa wale watoto. Aliyesoma, aliyeshusha, na aliyelinda breki. Aliyefunga mkanda, aliyekandamiza mafuta, na aliyenyamaza. Ni watu walewale watatu. Na nyuma yao yuko wa nne, mwenye mashine ya kusaga, ambaye ndiye hakimu.

Haya, nimetimiza upande wangu. Wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe, na yule aliyeacha kucheka tangu katikati: ungekuwa ndiye mjomba, umesimama mbele ya ukoo, dada yako anakutazama kwa macho ya shukrani, ungetamka jina la nani? Na kabla ya kulitamka, ungesema lako?